Faili la Mapendeleo katika Kihariri Matini: Mpangilio wa Mtu Binafsi na Hesabu za Mwanaisimu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huenda likaonekana kuwa la mafundi wa tarakilishi peke yao, yaani namna ya kuandika, kupanga na kutunza faili ambamo mtumiaji wa kihariri matini huweka mapendeleo yake. Nia yetu si kuwageuza wanaisimu kuwa mafundi. Tunachoshikilia ni kwamba mhadhiri au mwanafunzi anayetafuta maneno na kuyahesabu katika matini ya Kiswahili kwa chombo cha namna hii huwa amekwisha kuamua mambo kadha ya kiisimu kabla hajaanza kazi, na kwamba maamuzi hayo yamo ndani ya faili hilo, ayajue asiyajue. Neno ni nini, na mipaka yake ni ipi? Herufi kubwa na herufi ndogo ni herufi moja au ni mbili? Neno likitokea mara mbili katika mshororo mmoja, lihesabiwe mara ngapi? Faili la mapendeleo lina jibu kwa kila mojawapo ya maswali haya, na jibu hilo huingia katika takwimu tunazozichapisha bila ya kutajwa popote.

Mfano wetu utakuwa kihariri kimoja tu, nacho ni Vim. Tumekiteua kwa sababu hakiuzwi, hufanya kazi hata katika mashine kuukuu zilizomo katika ofisi zetu nyingi, na zaidi ya yote, mapendeleo yake huandikwa katika faili la maandishi matupu ambalo mtu aweza kulisoma kwa macho, kulipiga chapa na kulijadili. Vihariri vingine, kama vile Emacs, vina mafaili ya jinsi hiyo hiyo ingawa lugha inayotumiwa ndani yake ni nyingine.

Neno moja kuhusu istilahi. Tunasema kihariri, wala si mhariri, kwa kuwa ngeli ya ki-vi ndiyo iliyozoea kubeba majina ya vyombo: kikokotoo, kichapishi, kinasasauti. Kuhusu faili lenyewe, wako wanaopendelea usanidi, na simu za mkononi zimewazoesha watu wengi neno mipangilio. Hatuna ugomvi na maneno hayo. Sisi tumechagua mapendeleo kwa kuwa yaliyomo humo ni chaguo la mtu mmoja. Na ikiwa neno hilo linamkumbusha msomaji upendeleo, yaani kuelemea upande mmoja, basi ukumbusho huo haujakosea njia, kama itakavyodhihirika katika sehemu ya tatu na ya nne.

2.0 Asili ya faili na jinsi linavyosomwa

Kihariri vi, babu yake Vim, kiliandikwa na Bill Joy mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Vim kilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Bram Moolenaar, Mholanzi. Huyu ana uhusiano wa kweli na sehemu zetu hizi: mwaka 1994 alifanya kazi katika kituo cha watoto huko Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, na tangu hapo akawaomba wote watumiao kihariri chake wawachangie watoto wa mahali pale. Kwa miaka mingi ombi hilo lilionekana katika skrini ya kwanza ya Vim, na amri :help uganda ndiyo iliyofungua maelezo yake. Moolenaar alifariki mwezi wa Agosti 2023, na toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, lilitolewa kwa kumbukumbu yake. Kwa hiyo Afrika ya Mashariki imo katika chombo hiki tangu zamani, ijapokuwa lugha zake, kama tutakavyoona, hazikufikiriwa kilipoundwa.

Faili la mapendeleo huitwa .vimrc na hukaa katika folda ya nyumbani ya mtumiaji. Katika mashine za Windows huitwa _vimrc. Herufi rc ni masalio ya neno runcom, lililotumiwa katika taasisi ya MIT katika miaka ya 1960 kutaja faili lenye amri zinazotekelezwa kwa mfululizo. Nukta iliyotangulia jina hulificha faili lisionekane katika orodha ya kawaida. Rob Pike, aliyekuwa miongoni mwa wataalamu wa mfumo wa Unix, alieleza mwaka 2012 kwamba ufichaji huo haukukusudiwa: watengenezaji walitaka kuondoa katika orodha majina mawili tu, nukta moja na nukta mbili, wakaandika sharti fupi lililoficha kila jina lianzalo kwa nukta. Wanahistoria wa lugha hawatashangazwa na kanuni iliyozaliwa hivyo.

Vim kinapofunguliwa husoma kwanza faili la mashine nzima, ikiwa lipo, kisha hulisoma la mtumiaji, mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Mstari wa baadaye hushinda wa awali. Mstari unaoanza kwa alama ya nukuu maradufu ni maelezo, na kihariri hukipuuza kilichoandikwa humo. Hayo ni mepesi. Yanayowatatiza watu ni mawili. La kwanza, tangu toleo la 8.0 la mwaka 2016, mtu asiye na .vimrc hupewa seti ya mapendeleo ya msingi iliyomo katika faili liitwalo defaults.vim, lakini mara tu anapojiundia faili lake mwenyewe, hata liwe tupu, seti ile haisomwi tena. Mwanafunzi huandika mstari wake wa kwanza kwa furaha, akafungua kihariri, akakuta rangi zimetoweka na utafutaji umebadilika tabia, akadhani ameharibu mashine. Dawa yake ni kuanza faili kwa mstari huu:

source $VIMRUNTIME/defaults.vim

La pili ni kwamba programu ndogo zinazosomwa baada ya .vimrc kulingana na aina ya faili linalohaririwa huweza kubatilisha alichokiandika mtumiaji. Hapa ndipo ilipo amri ambayo kwa maoni yetu ingefundishwa kabla ya nyingine zote. Ukiandika :set na jina la pendeleo likifuatwa na alama ya kuuliza, utaonyeshwa thamani yake ya sasa. Ukiandika :verbose set badala ya :set, utaambiwa pia ni faili gani lililoweka thamani hiyo mara ya mwisho. Anayeijua amri hii hahitaji kubahatisha.

3.0 Ritifaa na mipaka ya neno

Sasa tuingie katika kiini cha makala. Vim huamua mipaka ya neno kwa kutumia pendeleo liitwalo iskeyword, ambalo thamani yake ya kawaida ni herufi zote, tarakimu, mstari wa chini, na herufi za Kizungu zenye alama juu. Ritifaa haimo. Kwa maandishi ya lugha za Ulaya na kwa lugha za kuandikia programu huenda hilo lisiwe na madhara makubwa. Kwa Kiswahili ni kosa la kifonolojia, maana ritifaa ya ng' si alama ya kituo wala ya nukuu. Ni sehemu ya tahajia ya konsonanti moja, nazali ya kaakaa laini, ambayo hutenganisha ng'oa na ngoa.

Tuone matokeo. Katika umbo wang'ang'ania kihariri huona vipande vitano: wang, ritifaa, ang, ritifaa, ania. Hilo ni la kuchekesha tu. Lisilochekesha ni pale kipande kinachobaki kinapokuwa neno halisi la lugha. Umbo ng'oa likikatwa baada ya ritifaa huacha oa. Umbo ng'amua huacha amua. Tuseme mtafiti anahesabu matokeo ya kitenzi oa katika mkusanyiko wa hadithi, naye anatumia amri hii, ambayo huhesabu bila kubadilisha chochote:

:%s/\<oa\>//gn

Alama \< na \> humaanisha mwanzo na mwisho wa neno. Msomaji atakumbuka kwamba kitenzi cha Kiswahili ni nadra kutokea bila viambishi awali: tutakuta kuoa, ameoa, wakaoa, na hakuna hata kimoja kinacholingana na ruwaza hiyo, kwa kuwa viambishi vimeshikamana na mzizi. Lakini waling'oa, aking'oa na tumeng'oa zitalingana zote, kwa sababu ritifaa imekata neno na kuuacha mzizi peke yake. Hivyo mtafiti atapata hesabu, na hesabu hiyo itakuwa karibu yote ya watu wanaong'oa magugu, meno na misumari. Ndoa haimo. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile la programu kukataa kufanya kazi, kwa sababu linatoa tarakimu, na tarakimu huheshimiwa.

Marekebisho ni mstari mmoja:

set iskeyword+=39

Namba 39 ni namba ya ritifaa iliyonyooka katika jedwali la alama za tarakilishi. Baada ya mstari huu ng'ombe ni neno moja na \<oa\> hailingani tena na waling'oa. Wahariri wa mashairi ya kale watafaidika pia, kwani maumbo ya mkato kama n'takwenda yatahesabiwa kuwa neno moja kama inavyostahili.

Hata hivyo mstari huo una gharama yake, na wanaisimu ndio watakaoilipa. Ni desturi yetu kuweka maana ya neno au umbo linalojadiliwa ndani ya nukuu moja moja. Ikiwa nukuu hizo ni zile zilizonyooka, basi 'oa' iliyomo ndani ya nukuu itaonekana kuwa neno la herufi nne lianzalo na kuishia kwa ritifaa, na ruwaza \<oa\> haitaliona. Tumeokoa ng'oa tukapoteza oa ya nukuu.

Aidha, matini mengi tunayoyapokea yamepigwa kwa programu za ofisini ambazo hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Alama hiyo iliyopinda haiwezi kuongezwa katika iskeyword, kwa kuwa pendeleo hilo hutawala alama zenye namba zisizozidi 255 tu; zilizo juu ya hapo Vim huzigawa kwa jedwali lake lenyewe, na humo ritifaa iliyopinda imewekwa pamoja na alama za kituo.

Matatizo haya mawili yaweza kutatuliwa kwa pamoja, na utatuzi wenyewe unatokana na fonotaktiki ya Kiswahili. Hakuna neno la Kiswahili linaloishia kwa ng. Kwa hiyo alama yoyote iliyopinda inayofuata ng moja kwa moja ni ritifaa, wala haiwezi kuwa nukuu ya kufunga, isipokuwa labda penye majina ya kigeni. Amri hii hunyoosha ritifaa hizo peke yake, na kuziacha nukuu zilivyo:

:%s/\cng\zs[‘’]/'/g

Baada ya hapo kuna mgawanyo safi wa kazi: alama iliyonyooka ni herufi, iliyopinda ni nukuu. Maumbo ya mkato ya mashairi hayamo katika kanuni hiyo na itabidi yapitiwe kwa jicho. Tunapendekeza kwamba yeyote anayekusanya matini kwa ajili ya idara aifanye kazi hii kabla ya kugawa nakala, maana ikiachiwa kila mtu, kila mtu atakuwa na matini yake.

4.0 Watu wawili, amri moja, hesabu mbili

Ritifaa si chanzo pekee cha tofauti. Pendeleo ignorecase huamuru kwamba herufi kubwa na ndogo zisitofautishwe katika utafutaji. Watu wengi huliweka kwa urahisi wa kazi ya kila siku, na kwa kazi hiyo lafaa. Lakini anayechunguza majina ya pekee, ambaye anataka kutenga Pwani kama eneo la utawala na pwani kama nomino ya kawaida, atapata jumla iliyochanganya yote mawili. Afadhali mtafiti aandike alama \C ndani ya ruwaza yenyewe, ambayo hulazimisha tofauti itambuliwe, au \c ambayo huifuta. Zote mbili hushinda lolote lililoandikwa katika faili.

La hila zaidi ni gdefault. Katika amri ya kubadilisha au kuhesabu, herufi g mwishoni humaanisha kila tokeo katika mstari, si la kwanza pekee. Aliyechoka kuiandika kila mara huweka set gdefault, na tangu hapo g huchukuliwa kuwa ipo. Ila sasa akiiandika kwa mkono, maana yake hugeuka kinyume: amri huhesabu tokeo la kwanza tu la kila mstari. Basi wawekeni wahadhiri wawili mbele ya utenzi mmoja, wote wakiandika ile amri yenye gn iliyotajwa hapo juu, mmoja akiwa na gdefault katika faili lake na mwingine akiwa hana. Katika nathari iliyovunjwa mistari mifupi huenda wakatofautiana kidogo. Katika mashairi, ambamo takriri ndani ya mshororo ni mbinu ya sanaa, yule wa kwanza atakuwa ameifuta takriri yenyewe aliyokusudia kuipima. Wakikutana katika semina watabishana juu ya mtindo wa mshairi, ilhali tofauti yao imo katika mstari mmoja wa faili ambalo hakuna aliyelileta.

5.0 Tahajia na mishororo

Mapendeleo mengine yanayotuhusu yatatajwa kwa ufupi. Vim kina ukaguzi wa tahajia tangu toleo la 7 la mwaka 2006, na orodha ya maneno ya Kiswahili ni miongoni mwa zilizotayarishwa kwa ajili yake; huwashwa kwa setlocal spell spelllang=sw. Msomaji asitarajie makuu. Hakuna orodha ya maneno iwezayo kumaliza maumbo ya kitenzi cha Kibantu, na umbo kama watakapotuandikiana, likiwa limepotoka, na tutakapowaandikia, likiwa sahihi kabisa, huenda yote yakapigiwa mstari mwekundu. Linalovutia ni amri zg, ambayo huongeza neno katika orodha ya mtumiaji, faili la maandishi liitwalo sw.utf-8.add, neno moja kwa kila mstari. Anayehariri matini ya Kimvita au Kiamu na kuidhinisha mtele na ndoo atakuta baada ya miezi michache kwamba amejikusanyia msamiati wa lahaja bila ya kukusudia. Lakini faili hilo hilo litaendelea kunyamaza atakapohariri insha ya Kiswahili sanifu yenye maneno hayo. Ni heri orodha za lahaja zitengwe, kila moja na jina lake.

Kwa upande wa mashairi, pendeleo textwidth huvunja mstari unapofika urefu uliowekwa. Lifaalo nathari huharibu mishororo, hasa ya mashairi yaliyoandikwa ukwapi na utao katika mstari mmoja. Tukiyaweka mashairi yote katika folda moja, tuseme tungo, twaweza kuyakinga hivi:

autocmd BufRead,BufNewFile */tungo/* setlocal textwidth=0 nowrap

Anayehariri Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu atatumia setlocal rightleft, inayogeuza dirisha zima lisomeke kutoka kulia. Ni dirisha zima: Vim chenyewe hakiwezi kuchanganya pande mbili katika mstari mmoja, na kwa hiyo hati za Kiarabu na unukuzi wake wa Kilatini hukaa vizuri zaidi katika madirisha mawili, bega kwa bega.

6.0 Kulitunza faili

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, aliwaona wanafunzi wenzake wakirithishana mafaili ya mistari mamia mithili ya watu wanaorithishana hirizi: kila mmoja aliivaa, hakuna aliyejua kilichoshonwa ndani. Desturi hiyo imefika kwetu pia. Ushauri wetu ni kwamba mstari usiingie katika faili mpaka mwenye faili aweze kuandika juu yake, kwa Kiswahili, sababu ya kuuweka na mwezi alipouweka, kwa mfano:

" Machi 2024: ritifaa ni sehemu ya neno (ng'ombe, waling'oa)
set iskeyword+=39

Faili lililorithiwa tayari na lenye hitilafu huchunguzwa kwa kuligawa. Kwanza Vim hufunguliwa kwa vim --clean, yaani bila mapendeleo ya mtu; hitilafu ikitoweka, basi chanzo kimo katika faili au katika viongezi vyake. Kisha neno finish huwekwa katikati ya faili, nalo humfanya msomaji wa faili akomee hapo. Hitilafu ikibaki, imo katika nusu ya juu. Isipobaki, imo katika nusu ya chini. Na nusu hiyo hugawanywa tena. Faili la mistari 500 humalizika kwa hatua tisa hivi.

Wengi huhifadhi historia ya faili kwa programu ya Git, na ni jambo jema. Mambo yahusuyo mashine moja tu, kama vile ukubwa wa herufi au anwani za folda, yakae katika faili la pili linaloitwa na la kwanza, ili la kwanza liweze kuhamishwa ofisini na nyumbani bila kukwaruzana na mashine. Nywila zisiingie katika mojawapo.

Lakini kwa utafiti twapendekeza hatua iliyo mbele zaidi, nayo ni kutenga kabisa mapendeleo ya mtu na masharti ya hesabu. Chaguo -u humwezesha mtafiti kufungua Vim kwa faili atakalolitaja, na mafaili mengine ya mapendeleo yasisomwe. Aandike faili fupi, aliite kwa mfano hesabu.vim:

set nocompatible
set encoding=utf-8
set iskeyword+=39
set noignorecase
set nogdefault

Mstari wa kwanza hauna budi kutangulia, kwa sababu Vim kikifunguliwa kwa -u hurudi katika tabia za vi ya zamani, na kuzifuta tabia hizo baadaye hubadilisha mapendeleo mengine yaliyokwisha kuwekwa. Kisha hesabu zote zifanywe kwa kufungua matini hivi:

vim -u hesabu.vim matini.txt

Kijitabu cha rangi, vifupisho na starehe nyingine za mwenye mashine hubaki katika .vimrc yake, hakimhusu mtahini. Mistari hii mitano ndiyo inayomhusu. Iwekwe katika kiambatisho cha tasnifu pamoja na ruwaza zilizotumiwa, na katika sura ya mbinu za utafiti ielezwe kwa sentensi mbili ni alama zipi zilizohesabiwa kuwa herufi na ritifaa zilinyooshwa kwa amri gani. Mtahini aliye Eldoret au Zanzibar ataweza basi kuichukua nakala ile ile ya matini, kuifungua kwa faili lile lile, na kuona kama atapata tarakimu ile ile.